Kabati Linakaa, Kiti Kinatembea

Maitu, binti yangu,

Salamu sikuletei, maana asubuhi tumekunywa chai kutoka birika moja na nimekuona u mzima. Sasa hivi uko kwa Mama Shiro, ploti ya pili kutoka hapa, unasukwa, na ninavyomjua yeye kwa maneno, hutarudi kabla ya saa moja. Nina alasiri nzima. Nimeondoa sufuria mezani, nimefuta meza, na nimeazima kalamu yako ile nyeusi bila ruhusa.

Mambo ya safari yako ya kesho, ya kuchemsha maji, ya kuficha pesa kwenye soksi na ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, shangazi yako Tata Wangeci amekuambia mara tatu na mwishowe akakuandikia kwenye karatasi. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba muda mrefu mpaka limenifanya mtu mbaya ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nimekuonea wivu.

Najua umecheka hapo. Rudi usome tena. Sisemi wivu wa kukutakia mabaya, Mungu apishe mbali. Nasema wivu mdogo wa kila siku, kama kijiti cha mbao kilichoingia chini ya ukucha. Hakiui mtu, lakini kila unachoshika kinakukumbusha kwamba kipo.

Ulianzia kwenye kucha zako, kwa kweli. Zilikuwa safi, na bado ulikuwa unasema unafanya kazi ya rangi. Mimi nimepiga rangi vitanda na makabati sokoni Gikomba tangu kabla hujazaliwa. Mbao ya sipresi nyeupe inaingia kwangu, inatoka ikijiita mahogani, na mwenye nyumba anaapa mbele ya wageni kwamba ni mahogani. Fahari yangu ni shedi, ile rangi inayoanza nzito pembeni mwa ubao na kufifia polepole hadi katikati pang'ae, mtu asiweze kuonyesha kwa kidole nzito imeishia wapi na nyepesi imeanzia wapi. Watu husema Mama Nyambura ana mkono. Si mkono. Ni kujua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia kabla hujabonyeza bunduki ya kupulizia, kwa sababu rangi ikishatua imetua.

Halafu siku moja wewe ukaketi kwenye kile kiti cha plastiki karibu na dirisha, kompyuta magotini, ukaniita nione. Ulichora mstatili. Ukaupa samawati nzito upande huu, nyepesi upande ule. Ukaniambia kwenu hiyo inaitwa gradient. Kulikuwa na nukta mbili ndogo, moja inasema rangi ianzie hapa, nyingine inasema iishie pale. Ukaivuta nukta moja kwa kidole na mwanga wote ukahama. Ukaifanya rangi kuwa duara, ukakiweka kitovu chake kwenye pembe, ukakirudisha katikati. Hukupendezwa. Ukabonyeza vitufe viwili na yote yakafutika kama hayakuwahi kutokea.

Ulitaka nifurahi. Nilisema ni nzuri, nikaenda kusonga ugali ambao maji yake hayakuwa yamechemka. Nilisimama pale jikoni na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Miaka yote hiyo ya thina ya kuzimulia rangi kifuani, ya msasa, ya kukohoa kahawia kwenye leso, na mtoto wangu anahamisha mwanga kwa kidole akiwa amevaa soksi. Tena anaweza kukosea anavyotaka. Mimi kila kosa langu nimelikwangua kwa mkono.

Ngoja nikueleze la kwanza, ili ujue nilichokunyima.

Nilikuwa na mimba yako ya miezi minne na nilikuwa nimeificha chini ya ovaroli, kwa sababu Fundi Oloo, aliyenifundisha kazi, alikuwa ameshavumilia maneno mengi kwa kumchukua mwanamke kwenye kibanda chake. Sikutaka kumwongezea. Ikaja kazi ya kabati kubwa la milango minne, la harusi. Mteja alitaka pembe za kabati ziwe nzito na katikati pang'ae. Fundi akaniachia peke yangu, mara ya kwanza. Nikafanya kwa akili: nikaifungua milango yote, nikailaza juu ya matofali, nikaipiga mmoja mmoja. Kila mlango ukawa na pembe nzito na katikati nyepesi. Kila mmoja, ukiutazama peke yake, ungeuoa.

Tulipoifunga milango kwenye kabati, ndipo nilipoona. Nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama bati la paa. Halikuwa kabati tena. Ilikuwa milango minne iliyokosana. Mteja alitazama, akasema atarudi atakapoona kabati.

Fundi Oloo hakunipigia kelele. Aliwasha sigara mbali na thina, akaniita.

"Wewe, kabla uguse bunduki, uliza kitu moja. Unapima kutoka wapi? Kutoka mlango ama kutoka kabati? Mwanga ya kabati iko moja."

Nilikwangua siku tatu. Wewe ulikuwa tumboni ukisikia msasa, labda ndiyo sababu ulikuwa mtoto wa usingizi mzito. Siku ya nne niliifunga milango kwanza kwenye kabati, nikasimama mbali, nikapima kutoka ukingo wa kabati hadi ukingo wa kabati, nikapuliza yote pamoja kana kwamba ni ubao mmoja. Mteja alipokuja alihesabu pesa palepale. Ndipo nilipojua mimi ni fundi.

Sasa tufike Jumapili ile.

Unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Tulikuwa tumetoka kanisani, ulikuwa umetengeneza kazi ya kutuma kwa ile kampuni ya kwanza, ile ya Westlands uliyokuwa unaiota. Programu ya simu ya kuwekea miadi kliniki. Juu ya ukurasa kulikuwa na kadi nne, ndivyo mnavyoita vile visanduku, zimekaa bega kwa bega. Uliinua kompyuta ukanielekezea.

"Mathe, hebu cheki. Kuna kitu haikai poa na siioni. Wewe unaona nini?"

Nyambura, niliona kabla hujamaliza kuuliza. Nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Bati. Ulikuwa umeipima rangi kutoka ukingo wa kila kadi badala ya kuipima kutoka ukingo wa skrini, kwa hiyo kila kadi ilianza upya. Ilikuwa milango yangu minne ikinitazama, samawati.

Nikakuambia, "Mimi nijue nini mambo ya kompyuta? Ni nzuri."

Nataka uelewe kwamba sikuteleza. Nilifikiri. Nilikuwa na muda wa kufikiri, maana ulirudia swali na ukanipa kompyuta nishike mwenyewe. Nilifikiri: mimi nilikwangua siku tatu, naye akwangue. Nilijiambia hivyo ndivyo mtu anavyojifunza. Huo ulikuwa uongo niliojipa ili niweze kula chakula cha mchana. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwe na kitu kimoja duniani ninachokijua mimi na wewe hukijui, na nilipokipata nilikikalia.

Uliituma kazi. Hawakukuchukua. Ulilia kwenye kile kitanda nilichokipiga rangi mimi, na nikakuletea uji, nikakupangusa, nikasema watu wa Westlands wana majivuno. Ukarudi kuuza vifuniko vya simu pale Spine Road karibu mwaka mzima. Kila jioni uliporudi umechoka nilikuwa nakuwekea chakula kingi kuliko changu, na ukaniambia mimi ni mama mzuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wananisema mimi, niliyekuwa nakupakulia.

Kisha akaja Halima.

Hapa nitasema ukweli wote hata kama utanicheka. Sikumpenda Halima kabla sijamwona. Ulikuwa umekutana naye kwenye yale mafunzo ya Jumamosi kule Eastleigh, na ukaanza kuja nyumbani na jina lake mdomoni. Halima amesema. Halima anaona. Kuna siku uliingia bado umevaa mkoba, huwezi hata kukaa. Ulisema umemwonyesha ile kazi ya zamani, na Halima ameitazama kwa dakika moja akakuambia umepima kwenye kadi, pima kwenye skrini, uache rangi moja ipite kadi zote. Ukabadilisha mstari mmoja na ukurasa mzima ukakaa sawa. Macho yako yalikuwa yanawaka. Ukasema hakuna mtu amewahi kukusaidia hivyo.

Nilienda chooni nikakaa humo. Shukrani ile ilikuwa yangu. Ililetwa kwangu kwanza, ikawekwa mikononi mwangu Jumapili mchana, na mimi nikaitupa, na sasa nilikuwa namchukia mwanamke aliyeiokota.

Ulipomleta nyumbani nilimpa kikombe chenye ufa. Vikombe vizima vilikuwepo, sita, kwenye kabati. Nilikichagua. Akavua viatu mlangoni, akanisalimia kwa heshima zote, akanywa chai yangu akaisifu. Akapita chumbani kuweka mkoba wake na hakutoka. Tukamkuta amesimama mbele ya kitanda chako, mkono wake unapita juu ya ubao wa kichwani, polepole, kutoka pembe nzito kuelekea katikati, kama mtu anayetafuta mahali palipounganishwa. Akauliza ni nani amepiga rangi hii. Ukajibu ni Mathe, ukitazama simu yako.

Halima akageuka kwako. "Umelala chini ya hii tangu utoto, na ukavuka mji mzima kunitafuta mimi?"

Mlicheka wote wawili. Mimi nilisema wali unaungua. Hakukuwa na wali, siku ile tulipika chapati. Sikuweza kukaa pale, kwa sababu yule niliyempa kikombe kibovu ndiye aliyeiona kazi yangu, na alikuwa ameiona kwa dakika moja vilevile.

Tangu hapo nilikuwa najiambia nitakuambia. Ulipopata kazi hii ya Kigali nikasema nitamwambia siku ya kupanga nguo. Siku ya kupanga nguo nikasema siku ya kwenda kwa Tata. Husemwa mficha uchi hazai. Mimi niliuficha na nikazaa, kwa hiyo sikuwahi kuuamini sana msemo huo, lakini sasa nauona unavyofanya kazi. Kila nilipofungua mdomo kilichotoka ni "ni nzuri" tu.

Na ungetoka vivyo hivyo kesho kituoni, ukapanda basi, tukamaliza. Kilichonikalisha mezani ni Jumamosi iliyopita.

Ulinionyesha kile unachokwenda kuwaonyesha watu wa Kigali Jumatatu, siku yako ya kwanza. Kadi sita za mazao. Mkulima anaiburuta kadi kwa kidole, anaitoa kwenye mstari, anaiweka anapotaka. Ulijivuna, na ulikuwa na haki. Ulisema, "Ona, mwanga moja inapita zote, kama Halima alinionyesha." Zikiwa zimepangwa zilikuwa tamu kutazama. Halafu ukaiburuta ile ya mwisho, ukaiweka chini peke yake kwa nukta moja ya wakati, ukaanza kunieleza jambo jingine. Nikaona. Unajua nilichosema.

Ni nzuri.

Mara ya pili, Maitu. Na mara hii sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nimefurahi. Nilijiambia: kumbe Halima amemfundisha kabati tu. Viti hajamfundisha.

Kwa hiyo acha nikufundishe viti, kabla wivu haujanishika mkono.

Baada ya lile kabati niliota pembe. Nilijiona nimemaliza ufundi. Ikaja kazi ya viti sita vya meza ya chakula, vya mama mmoja wa mtaa wa Baba Dogo. Sikuuliza mtu. Nikavipanga vyote sita ukutani, bega kwa bega umbali wa kidole, nikapima kutoka ukingo wa kwanza hadi ukingo wa sita, nikapuliza kama kabati. Pembeni nzito, katikati nyepesi. Vilikuwa vizuri hata wasukuma mikokoteni walisimama. Fundi Oloo alipita akatazama, akatabasamu, akaenda zake. Sasa nadhani alikuwa ananiacha nijikwae, na labda alikuwa na haki hiyo, kwa kuwa mimi sikumwuliza. Wewe uliniuliza.

Yule mama alirudi siku ya pili na viti vyake juu ya mkokoteni. Alikuwa ameviweka mezani, viwili huku, viwili kule, kimoja kichwani mwa meza, kimoja mlangoni kwa ajili ya mgeni. Viwili vilikuwa vyeusi kana kwamba vimenusurika moto. Viwili vilikuwa vyeupe kama havijapigwa kitu. Akaniuliza kama nimemuuzia viti vya nyumba tatu. Ndipo Fundi Oloo alipocheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kimoja cha vile vyeusi.

"Kabati inakaa," akaniambia. "Kiti inatembea. Kitu ya kutembea, ipe mwanga yake yenyewe."

Kadi zako zinatembea, Nyambura. Ile ya mwisho ukiiburuta inatoka imebeba pembe nzito peke yake, nyeusi tii, na maandishi yake hayasomeki. Ya katikati inatoka imepauka. Mkulima ataiweka pembeni na atadhani simu yake imeharibika. Zile zinazokaa juu ya ukurasa ziache kama zilivyo, Halima yuko sahihi. Lakini zile sita zipime kutoka ukingo wa kadi, kila moja ianze na iishie ndani yake. Badilisha leo kabla hujafunga kompyuta. Umeniambia ni mstari mmoja tu.

Nimemaliza kukufundisha, na nimeisikia raha yake, na nimeisikia aibu yake pia. Ingekuwa rahisi hivi tangu ile Jumapili. Mwaka wako wa vifuniko vya simu sitaweza kukurudishia. Kwangu hakuna vile vitufe viwili vya kufuta.

Na wivu haujaisha, nisikudanganye nikiwa tayari nimekuambia mengi. Kesho utakaa dirishani, kucha zako safi, nywele mpya, na mimi nitarudi Gikomba kukwangua. Nitaona wivu. Nitamwonea na Halima, kwa kuwa utampigia simu yeye kwanza ukikwama, na utakuwa na sababu. Ila kuna jambo nililiona nikiandika hapa kuhusu viti. Miaka hii yote nimekuwa nakupima kutoka ukingo wangu mimi. Ulipong'aa, nilidhani ni kwa sababu mimi ndiye niliyewekwa kwenye pembe nzito.

Mwanzoni nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, ndani ya ile sweta ya kijani, uikute umeshavuka mpaka. Huko ni kujificha tena. Nitakupa mkononi. Utaisoma hapa mezani, na mimi nitakuwa nimesimama jikoni nimekupa mgongo, maana uso sitauweza. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kwenda kulala kwa Tata usiku huu, nitakubebea begi.

Nasikia hatua kwenye ngazi. Unakuja na yule Shiro mdogo, na mnacheka.

Lakini kama baada ya kusoma bado utanitaka, usiseme kwamba umenisamehe. Washa kompyuta tu, iweke hapa mezani, uniulize tena ninaona nini.

Mama yako.